Kigoda cha Usipepese

Mama yangu mdogo alikuwa mpiga picha, na mtaa mzima ulimwita Usipepese. Jina alilitafuta mwenyewe. Ukikaa kwenye kile kiti chake cha kuzunguka, mgongo umenyooka, kola imewekwa sawa, yeye ameinamia kamera, ghafla utasikia: "Usipepese!" Na si kwa kuomba, jamani. Ni kwa sauti ya mtu anayekukemea usimkanyagie nguo alizoanika. Watoto wachanga walinyamaza. Wanaume wazima na ndevu zao walikodoa macho mpaka yakatoka machozi. Ndiyo maana picha zake zote za vitambulisho zilikuwa za watu walioshtuka, na bado watu walirudi kwake, kwa sababu aliyeshtuka pale alikuwa wewe hasa, si mtu mwingine.

Duka lake lilibanwa kati ya fundi viatu na duka la dawa. Mbele kulikuwa na pazia la bluu la kupigia picha, nililolishona mimi, maana kazi yangu ni kushona mapazia, na mpaka leo nasema halikutundikwa sawa. Nilimwambia. Akanijibu, "Wewe shona, kutundika niachie mimi." Nyuma ya pazia kilikuwa chumba cha giza alichosafishia picha, na vidole vyake vilinuka dawa hata siku ya mapumziko. Simu za kamera zilipoingia, wenzake wote walifunga. Yeye ng'o! "Simu haina subira," alisema. Mimi na yeye tulikuwa hatuwezi kukaa pamoja bila kugombana, na hatukuweza kukaa mbali, basi mtu asije akaniuliza iliwezekanaje.

Kila mwaka, joto likishakolea na shule zimefungwa, tulikusanyika nyuma ya nyumba ya Mama, dada yake mkubwa. Hatukuwa na sababu yoyote. Ilikuwa kula, kucheka na kusutana basi. Kaka yangu ndiye aliyekuwa bwana nyama. Alikuwa na pipa lililopasuliwa katikati na kuwekewa wavu, na koleo ambalo hata mke wake hakuruhusiwa kuligusa. Akipindua mapaja ya kuku, soseji na mbavu, atakueleza makosa ya kila mtu aliyewahi kuchoma nyama duniani. Mkewe, yaani wifi yangu, alikuwa pembeni akikata kabichi. "Msikilizeni huyo," alisema. "Nyumbani hajui hata kiberiti kinakaa wapi." Watoto wao walimwagiana maji kwa mpira wa maji, nguo zimewaganda, na tikiti maji lilipoa kwenye beseni la barafu.

Lakini hakuna aliyetia kitu mdomoni kabla ya picha. Hiyo ilikuwa sheria ya Usipepese. Kwenye saruji ya ua alikuwa amepaka nukta tatu nyeupe, mahali pa kusimamishia stendi yake ya miguu mitatu, ili picha ya kila mwaka ipigwe kutoka palepale. Na sisi kila mtu alikuwa na mahali pake mbele ya ukuta. Mama alikaa katikati kwenye kiti cha mikono, kwa sababu nyuma yake ukuta ulikuwa na ufa mrefu, na yeye ndiye aliyeuficha kwa mgongo wake. "Wenzetu huziba ufa kwa saruji," Kaka alimtania, "sisi tunauziba kwa Mama." Kando yake kiliwekwa kigoda kitupu. Hicho kilikuwa cha Usipepese mwenyewe.

Kamera yake ilikuwa ya zamani, ya filamu. Kwa mbele ilikuwa na kijiti kidogo. Ukikisukuma chini, kinarudi juu polepole kikilia krrrrr, na kikifika mwisho kamera inajipiga yenyewe. Basi yeye alikisukuma, akatupigia kelele yake ileile, akakusanya gauni na kuja mbio kwenye kigoda. Mama alikuwa ameshanyoosha mkono anamsubiri. Akifika anajitupa, mkono wa Mama unamkumbatia begani, na hapohapo, cha! Kila mwaka alichelewa kidogo. Sisi tulitoka safi mpaka vifungo vinahesabika, na yeye akatoka gauni, mkono, na pale uso ulipotakiwa kuwepo, moshi.

"Kinyozi hajinyoi," alijibu tulipomcheka.

Alikufa mwishoni mwa msimu wa baridi. Kifua. Jioni alifunga duka, asubuhi hakufungua. Mimi nilimgombeza palepale kitandani alipolala, kwa nini hakusema anaumwa, kwa nini siku zote anajifanya chuma, mpaka Kaka akanishika mikono akanitoa nje. Sioni haya kusema. Nilikuwa nimekasirika kwa sababu nilimpenda, na nilikuwa sijamaliza kugombana naye.

Tulipotafuta picha yake ya kuweka mezani siku za msiba ndipo tulipogundua. Mwanamke aliyepiga sura za mtaa mzima hakuwa na sura. Kwenye simu zetu alikuwa kiganja tu, maana kila ukimwelekezea simu aliweka mkono mbele. Kitambulisho kilikuwepo. Mama alikichukua, akakisogeza kwenye mwanga, akakirudisha.

"Huyu simjui. Huyu ni mtu aliyechoka kupanga foleni."

Tulicheka, hata pale msibani. Lakini wiki chache baadaye nilimkuta Mama amekaa ukingoni mwa kitanda chake, hajala, anaupitisha mkono mbele ya uso wake tena na tena.

"Mwanangu, lile jino lake lililopishana, lilikuwa la kushoto au la kulia?"

"La kulia. Au... Mama, sikumbuki sawasawa."

"Mimi naona la kushoto, lakini sina hakika. Uso wake unanitoka. Naona gauni, naona mkono, halafu hapa ni moshi." Akanitazama, na Mama si mtu wa kuogopa ovyo, lakini siku hiyo aliogopa. "Nikifika huko nitamtambuaje? Huko watu ni wengi. Nitampita njiani."

Nilimkemea. Nikamwambia habari za kufika aziache, nani kamwambia anakwenda. Lakini maneno yale yaliniingia. Sisi wengine Mama alitujua vizuri, mpaka na viatu vyetu tulivyovaa utotoni. Uso mmoja tu ndio uliokuwa ukimtoroka, na kwa ajili ya uso huo alikuwa halali usingizi. Nikaapa kwamba nitampatia Mama uso wa mdogo wake, potelea mbali nitaupata wapi.

Nilipekua duka lote. Nilijua kwamba kila mwaka, baridi ikianza kuisha, kabla ya joto na mkusanyiko wetu, Usipepese alikuja uani kwa Mama peke yake kujaribu jua. Alisimamisha kamera kwenye nukta zake, akakaa kwenye kigoda bila haraka, akajipiga. Hapo uso ungetoka. Lakini picha za kujaribia alizichana zote. "Hizo si picha," aliwahi kuniambia, "hiyo ni hesabu tu." Nilitoka dukani mikono mitupu na vumbi kichwani.

Joto likaja. Mama akaamuru picha ipigwe kama kawaida na kigoda kiwekwe.

"Kigoda cha nini tena, Mama?" Kaka akauliza.

"Cha mwenyewe."

Kaka akanitazama, nikamtazama. Nani angethubutu? Tukakiweka.

Kamera niliishika mimi. Filamu ilikuwa bado imo ndani, vilevile alivyoiacha. Nilivuta kiwiko, kile kichuma cha kusogezea filamu, nikakisukuma kijiti, nikakimbilia mahali pangu kule nyuma. Krrrrr. Watoto walitulia. Mkono wa Mama ulikuwa umenyooshwa juu ya kigoda kitupu, na nikauona ukishuka. Haukushuka kama mkono uliochoka. Ulishuka kidogo, ukakaa, kama mkono uliopata bega. Mama akageuza shingo, akasema kwa sauti yake ya kila siku:

"Afadhali leo umewahi."

Cha!

Mbavu ziliungua. Kaka, ambaye hajawahi kuunguza hata kitunguu watu wakajua, alisimama na koleo lake akitazama moshi. Tulikula hivyohivyo tukisema ni tamu.

Filamu niliipeleka kwa fundi mmoja aliyewahi kufanya kazi na Mama mdogo, ambaye bado ana dawa za kusafishia. Siku aliyoniita niliikuta picha mezani, bado mbichi. Nikainama. Alikuwemo. Usipepese, kwenye kigoda, mikono magotini, uso mzima usio na moshi hata chembe, na lile jino limepishana upande wa kushoto. Mkono wa Mama ulikuwa begani mwake.

Nikakaa juu ya ndoo.

"Usiogope, dada," Fundi akasema. "Kile kiwiko ulikivuta mara ngapi?"

"Mara moja. Kwani kinavutwa mara ngapi?"

"Cha kamera hii, mara mbili. Kinateleza. Yeye alijua, akakataa kuitengeneza. Ukivuta mara moja filamu haisogei, unapiga picha juu ya picha. Alikuja kujaribu jua kabla hajafariki?"

"Hakukosa hata mwaka mmoja."

"Basi ndiyo hiyo. Yeye alijipiga peke yake, na nyinyi mkajipiga juu yake. Kamera palepale, kigoda palepale. Mbona jambo dogo."

Nililia kwa furaha. Nilimshika Fundi mikono yake yenye dawa nikamshukuru mpaka akaona haya. Njiani nilimpigia Kaka simu nikamcheka kwa zile mbavu zake.

Mama alivaa miwani. Aliishika picha kwa mikono miwili, akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu msiba.

"Ndiye! Ndiye huyu! Na jino ni la kushoto, si nilikwambia? Nyie watoto hamna macho." Akaupapasa ule uso kwa kidole gumba. "Sasa nitamtambua."

Mimi maneno hayo niliyapokea kama shukrani. Nilikuwa nimejaa furaha yangu, sikuyasikia vingine. Kisha Mama akaisogeza picha karibu na miwani.

"Mbona naona ufa?"

"Ufa gani?"

"Wa ukuta. Huu hapa. Unanipita kifuani."

Nikaichukua. Kweli. Kupitia gauni la Mama, kupitia kifua chake, ufa wa ukuta ulionekana wote kuanzia begani mpaka mapajani. Nikamwambia asijali, ni picha juu ya picha, Fundi amenieleza. Lakini huku nasema, macho yangu yalikuwa yakizunguka. Kaka alikuwa mzima, huoni ukuta nyuma yake. Wifi mzima. Watoto wazima na maji yao kwenye nywele. Mimi mzima. Usipepese mwenyewe alikuwa mzima kabisa, kivuli chake kimelala kwenye saruji. Aliyekuwa akipenya ni Mama peke yake.

Nilirudi kwa Fundi siku hiyohiyo. Aliitazama kwa kioo cha kukuzia, akaigeuza nyuma, akaitazama tena.

"Ingekuwa picha juu ya picha tu, mngepenya wote," akasema taratibu. "Na yeye pia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mimi ni mtu wa kusafisha picha tu, dada yangu." Akaanza kufunga madirisha, na jua bado lilikuwa juu.

Tangu hapo Mama alichangamka. Alikula, alilala, aliimba akiosha vyombo. Ile picha aliiweka karibu na kitanda, na asubuhi ukipita ungemsikia akizungumza nayo mambo ya kawaida, bei ya sukari, magoti yake, jirani aliyenunua jogoo asiyejua saa. Kisha akaanza kugawa vitu. Sufuria kubwa akampa wifi. Cherehani yake ya mkono akanipa mimi.

"Mama, unahama?"

"Sihami. Napunguza mizigo." Akanipigapiga shavu. "Usininunie. Mtu akijua atapokewa na nani, safari haimtishi."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichomletea. Nilimtafutia ule uso ili aache kuogopa, na kweli aliacha. Hofu yote ikahamia kwangu. Nilimtaka Mama awe na usingizi wake na mimi niwe na Mama. Kumbe vyote viwili haviwezekani? Nilikwenda nikaichukua ile kamera, nikaifungia kwenye kabati nyumbani kwangu, chini ya majora ya vitambaa, na ufunguo nikauvaa shingoni.

Joto liliporudi niliwatangazia wote: mwaka huu hakuna picha. Tule kama watu wengine. Kaka hakubisha hata kidogo, na Kaka hubishia hata saa ya ukutani. Lakini tulipofika tulimkuta Mama ameshakaa mbele ya ukuta kwenye kiti chake cha mikono, gauni limepigwa pasi, kigoda kando yake. Na kwenye zile nukta tatu nyeupe ilisimama stendi ya miguu mitatu. Juu yake hapakuwa na kitu.

"Nani kaiweka hiyo?" nikafoka.

"Mimi," Mama akasema. "Punguza sauti, watu wanasikia."

Mtoto wa Kaka, binti yake mkubwa, akatoa simu. "Bibi, nikupige kwa hii?"

"Hapana, mjukuu wangu. Mwenyewe anakuja."

Nilimwambia binti airudishe simu mfukoni. Nilichukua kisu nikaanza kukata tikiti maji kwa hasira, vipande vikubwa vikubwa, mbegu zinaruka. Kaka alipuliza mkaa. Mafuta yalianza kudondoka motoni na ile harufu ikaenea, na watoto wakaanza kucheka tena, na nikajiambia, haya, tumeshinda, tunakula tu kama watu wengine.

Krrrrr.

Ilitoka juu ya stendi. Mahali palipokuwa patupu, mchana kweupe, jua la utosini. Wote tuliisikia, kwa sababu Kaka aliweka koleo chini, na Kaka haweki koleo chini. Wifi alifunga maji ya mpira. Na jambo linalonitia baridi mpaka leo ni kwamba hakuna aliyekimbia. Walikwenda kujipanga. Kaka nyuma kushoto, wifi ubavuni mwake, watoto mbele, wakijisogeza polepole, kila mtu mahali pake. Miguu ilikuwa imezoea.

Nilibaki mimi, kisu mkononi. Nilimwona Mama akiunyoosha mkono wake juu ya kigoda. Uso wake ulikuwa wa msichana anayesubiri mgeni wake mlangoni. Na ile sauti ilikuwa imeanza kupungua kasi, na mimi sauti hiyo nimekua nayo, najua inavyofanya ikikaribia mwisho.

Nikatupa kisu. Nikakusanya gauni langu nikakimbia. Sikufikiri kitu kingine isipokuwa hiki: niwahi mimi. Mkono ule unishike mimi niliye hai, mimi ninayemhitaji, umsahau mwingine. Niliruka beseni, nikateleza kwenye maji ya watoto, nikainuka, nikajitupa kwenye kigoda. Mkono wa Mama ukashuka begani mwangu. Ulikuwa mzito na wa joto. Nikaudaka kwa mikono yangu yote miwili, pumzi zimenikatika, nikasema moyoni, nimewahi, nimewahi, asante Mungu nimewahi.

Mama hakunigeukia. Alikuwa akitazama mbele, anatabasamu, hapepesi.

"Sogea kidogo, mwanangu," akasema kwa upole. "Umemkalia."

Nikasogea.